Mafumbo Mawili Huhitaji Kauli Mbili

Miongoni mwa mambo ambayo kila mwanafunzi wa shule ya sekondari hukutana nayo katika somo la hisabati ni kutatua milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana. Mwanafunzi hufundishwa hatua za kufuata, hufanya mazoezi kumi au ishirini, hufanya mtihani, na baada ya hapo wengi husahau. Si ajabu kumsikia mtu mzima akiuliza x na y zilimfaa nini maishani. Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu kamili. Makala haya yanakusudia kueleza namna milinganyo hiyo inavyotatuliwa na sababu ya njia zake kuwa sahihi. Kisha yataonyesha jinsi hesabu hiyo hiyo inavyofanya kazi ndani ya kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa hospitalini, na jinsi inavyoweza kumpotosha mganga pale masharti yake yanapovunjwa.

Mashamba mawili ya Babeli

Tatizo la namna hii ni la kale mno. Mjini Berlin kumehifadhiwa kibao cha udongo kilichoandikwa huko Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Kibao hicho kinaeleza habari za mashamba mawili yanayotozwa kodi ya nafaka. Kipimo cha eneo kiliitwa sar, na kipimo cha nafaka kiliitwa sila. Shamba la kwanza hutozwa theluthi mbili ya sila kwa kila sar moja. Shamba la pili hutozwa nusu ya sila kwa kila sar moja. Eneo la mashamba yote mawili kwa jumla ni sar 1,800, na kodi ya shamba la kwanza huizidi kodi ya shamba la pili kwa sila 500. Je, kila shamba lina ukubwa gani?

Mwandishi wa kibao hakuwa na herufi za aljebra, lakini alikuwa na akili ya kupanga mambo. Kwanza alichukulia kwamba mashamba ni sawa, yaani kila moja ni sar 900. Katika hali hiyo kodi ya shamba la kwanza ingekuwa sila 600, na ya shamba la pili sila 450. Tofauti yake ni 150 tu, ilhali tofauti inayotakiwa ni 500. Zimepungua sila 350. Sasa kila sar moja ikiondolewa katika shamba la pili na kutiwa katika la kwanza, jumla ya eneo haibadiliki, lakini kodi ya kwanza huongezeka kwa theluthi mbili na kodi ya pili hupungua kwa nusu. Tofauti kati ya kodi hizo basi huongezeka kwa moja na sudusi moja, yaani 7/6. Upungufu wa 350 ukigawanywa kwa 7/6 hupatikana 300. Kwa hiyo shamba la kwanza ni 900 na 300, yaani sar 1,200. Na la pili ni 900 kutoa 300, yaani sar 600. Msomaji aweza kuhakiki mwenyewe: theluthi mbili za 1,200 ni 800, nusu ya 600 ni 300, na tofauti yake ni 500 kama ilivyotakiwa.

Njia ya kuondoa na njia ya kuweka badala

Leo tatizo hilo huandikwa kwa ufupi zaidi. Herufi x isimame badala ya eneo la shamba la kwanza, na y badala ya eneo la shamba la pili. Kauli mbili za kibao huwa milinganyo miwili ifuatayo:

x + y = 1,800
(2/3)x − (1/2)y = 500

Mlinganyo wa pili una sehemu zinazochosha macho. Pande zake zote mbili zikizidishwa kwa 6, sehemu hizo hutoweka:

4x − 3y = 3,000

Mlinganyo wa kwanza nao ukizidishwa kwa 3 huwa:

3x + 3y = 5,400

Sasa milinganyo hii miwili ikijumlishwa, upande wa kushoto kwa upande wa kushoto, na upande wa kulia kwa upande wa kulia, y huondoka kabisa, kwa kuwa −3y na +3y hufutana. Kinachobaki ni 7x = 8,400, yaani x = 1,200. Thamani hiyo ikirudishwa katika mlinganyo wa kwanza, y hupatikana kuwa 600.

Kwa nini ni halali kufanya hivyo? Mlinganyo ni kama mizani iliyotulia. Mzigo wa upande mmoja ukiongezwa mara tatu, na wa upande wa pili ukiongezwa mara tatu pia, mizani hubaki imetulia. Hali kadhalika, vitu viwili vilivyo sawa vikiongezwa kila kimoja katika sahani yake, mizani haitaelemea popote. Hakuna zaidi ya hilo katika njia hii, ambayo huitwa njia ya kuondoa. Shabaha yake ni moja: kubadili tatizo lenye visivyojulikana viwili kuwa tatizo lenye kisichojulikana kimoja, ambalo kila mtu aweza kulitatua.

Ipo pia njia ya kuweka badala. Kutokana na mlinganyo wa kwanza ni dhahiri kwamba y = 1,800 − x. Kauli hiyo ikiwekwa mahali pa y katika mlinganyo wa pili, hupatikana 4x − 3(1,800 − x) = 3,000, ambayo ikifunguliwa huwa tena 7x = 8,400. Njia ni mbili lakini jibu ni moja, wala haiwezi kuwa vinginevyo, kwani zote mbili zimetoka katika kauli zile zile.

Elimu hii haikuwa mali ya taifa moja. Neno aljebra lenyewe limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Nchini China, kitabu cha kale kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ambacho Liu Hui alikitolea ufafanuzi mwaka 263, kilikwisha kueleza namna ya kupanga namba kwa vijiti katika safu na kutoa safu moja katika nyingine hadi visivyojulikana vyote vimeondolewa isipokuwa kimoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alitumia njia ya kuondoa katika kuhesabu mapito ya gimba la angani liitwalo Pallas. Leo kompyuta hutumia utaratibu unaofanana na huo kwa milinganyo ambayo huenda ikawa maelfu kwa maelfu.

Picha ya mistari miwili

Mlinganyo kama x + y = 1,800 waweza kuchorwa katika karatasi ya grafu. Kila jozi ya thamani inayoutosheleza huwa nukta moja, na nukta hizo zote hujipanga katika mstari mmoja mnyoofu. Ndiyo sababu mlinganyo wa aina hii huitwa mlinganyo wa mstari. Mlinganyo mmoja peke yake hauwezi kutoa jibu moja, kwa maana kila nukta iliyo juu ya mstari wake ni jibu linalokubalika. Mlinganyo wa pili huleta mstari wa pili, na mahali mistari hiyo inapokatana ndipo penye jibu linalozikubali kauli zote mbili kwa wakati mmoja.

Picha hii hufundisha jambo ambalo kanuni tupu hazilionyeshi wazi. Mistari miwili haikatani daima. Mteja akiambiwa dukani kwamba kilo 2 za mchele na kilo 1 ya sukari zimegharimu shilingi 9,000, bado hajui bei ya mchele wala ya sukari. Akiambiwa zaidi kwamba kilo 4 za mchele na kilo 2 za sukari zimegharimu shilingi 18,000, hakuongezewa kitu chochote. Amesikia kauli moja mara mbili, na katika grafu mstari wa pili umelala juu ya ule wa kwanza. Na lau angeambiwa kwamba hizo kilo 4 na kilo 2 ni shilingi 17,000 kwa bei zile zile, basi mmoja wa wasemaji amekosea, kwani mistari hiyo ni sambamba na haitakutana kamwe.

Hali hizi zote hutambulikana kwa kipimo kimoja. Milinganyo ikiandikwa kwa jumla kuwa

ax + by = m
cx + dy = n

njia ya kuondoa hutoa x = (md − bn) ÷ (ad − bc), na y = (an − cm) ÷ (ad − bc). Namba ad − bc, ambayo wanahisabati huiita detaminanti, ndiyo inayogawanya katika majibu yote mawili. Ikiwa ni sifuri, kugawanya hakuwezekani: ama majibu ni mengi yasiyo na idadi, ama hakuna jibu hata moja. Katika mfano wa dukani, a ni 2, b ni 1, c ni 4 na d ni 2. Na 2 × 2 kutoa 1 × 4 ni sifuri.

Rangi mbili za damu

Kutoka duka la mchele hadi wodi ya hospitali si mbali kama inavyodhaniwa. Oksijeni husafirishwa mwilini na himoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Himoglobini iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Iliyoachilia oksijeni ni nyekundu iliyokolea kuelekea weusi. Mganga anayemtibu mtoto mwenye kichomi ahitaji kujua ni sehemu gani ya himoglobini katika ateri imebeba oksijeni. Kwa kawaida mtu mwenye afya aishiye pwani huwa na asilimia 95 au zaidi. Na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto ambaye kiwango chake kimeshuka chini ya asilimia 90 apewe oksijeni. Jicho la mwanadamu haliwezi kupambanua vizuri asilimia 88 na asilimia 94. Kifaa kiitwacho oksimita huweza, nacho hufanya hivyo kwa milinganyo miwili.

Visivyojulikana ni viwili: x ni kiasi cha himoglobini yenye oksijeni, na y ni kiasi cha himoglobini isiyo na oksijeni. Kila moja humeza mwanga kwa kadiri yake. Kanuni iliyotokana na kazi za Johann Lambert mwaka 1760 na August Beer mwaka 1852 husema kwamba mwanga uliomezwa, ukipimwa kwa logi, hulingana na kiasi cha kitu kinachoumeza, na kwamba vitu viwili vikichanganyika, kumeza kwao hujumlishwa. Maneno hayo ndiyo maelezo ya mlinganyo wa mstari. Rangi moja ya mwanga hutoa mlinganyo mmoja. Basi kwa visivyojulikana viwili zahitajika rangi mbili.

Rangi zitumikazo kwa kawaida ni mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanometa 660, na mwanga wa infraredi wa nanometa 940, ambao haonekani kwa macho. Katika mwanga mwekundu, himoglobini isiyo na oksijeni humeza takriban mara kumi zaidi ya ile yenye oksijeni. Katika infraredi mambo hugeuka, na ile yenye oksijeni ndiyo inayomeza zaidi. Kwa kutumia namba zilizofupishwa na kuacha vipimo vyake, milinganyo yaweza kuandikwa hivi:

0.3x + 3.2y = 5.9 (mwekundu)
1.2x + 0.7y = 11.5 (infraredi)

ambapo 5.9 na 11.5 ni vipimo vilivyosomwa. Mlinganyo wa kwanza ukizidishwa kwa 4 huwa 1.2x + 12.8y = 23.6. Wa pili ukitolewa humo hubaki 12.1y = 12.1, yaani y = 1; na x hupatikana kuwa 9. Katika kila sehemu kumi za himoglobini, tisa zimebeba oksijeni. Kifaa kitaonyesha asilimia 90, na mganga atajua kwamba mgonjwa huyu yu ukingoni.

Mapigo ya moyo kama njia ya kuondoa

Yupo msomaji atakayeuliza: kidole kina ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena, na vyote hivyo humeza mwanga. Je, hivyo navyo si visivyojulikana? Pingamizi hilo ni la kweli, na kwa miaka mingi ndilo lililozuia kazi hii. Aliyepata njia ya kulivuka ni mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, katika miaka ya 1972 hadi 1974. Aoyagi alikuwa akipima mwanga unaopenya sikioni kwa kusudi jingine, na kipimo chake kilikuwa kikivurugwa na mapigo ya moyo. Badala ya kuyatupa mapigo hayo kama kelele, aliona kwamba ndani yake mlikuwamo habari aliyoihitaji.

Kila moyo unapopiga, ateri za kidole hutanuka na damu yake huongezeka kidogo; kisha hupungua tena. Ngozi, mfupa na vena hubaki karibu vile vile. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa kilele cha pigo ni jumla ya vitu visivyobadilika na damu nyingi ya ateri. Na kipimo kilichochukuliwa baina ya mapigo ni jumla ya vitu vile vile na damu chache ya ateri. Kipimo cha pili kikitolewa katika cha kwanza, vyote visivyobadilika huondoka kwa pamoja, kama y ilivyoondoka katika hesabu ya mashamba. Kinachobaki ni damu ya ateri peke yake. Mbinu ya mwanafunzi wa sekondari imefanya kazi ambayo vyombo vizito havikuiweza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliiweka oksimita katika orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kumpasua mgonjwa.

Kwa nini rangi zisiwe karibu

Yaweza kuulizwa pia kwa nini watengenezaji hawakuchagua rangi nyingine zozote. Karibu na nanometa 800 aina mbili za himoglobini humeza mwanga kwa kadiri inayokaribia kuwa sawa, na karibu na nanometa 820 tofauti yao ingali ndogo. Rangi hizo mbili zingalitoa milinganyo ifuatayo kwa mgonjwa yule yule:

0.8x + 0.8y = 8.0
0.9x + 0.7y = 8.8

Jibu ni lile lile, x = 9 na y = 1. Lakini hakuna kipimo kisicho na kosa. Ikiwa kipimo cha kwanza kitasomwa 8.1 badala ya 8.0, jibu litakuwa karibu x = 8.6 na y = 1.6, na kifaa kitaonyesha takriban asilimia 85 badala ya 90. Kosa hilo hilo la 0.1 likitokea katika kipimo cha mwanga mwekundu cha milinganyo ya awali, asilimia 90 hubadilika kuwa 89.7 tu.

Sababu yake imo katika picha ya grafu. Mistari miwili inayokatana kama msalaba hutoa nukta iliyo wazi. Mmoja ukisogea kidogo, nukta husogea kidogo. Lakini mistari inayokaribia kuwa sambamba ni kama makali ya mkasi unaokaribia kufungwa: kusogeza kidogo kali moja huipeleka nukta ya makutano mbali sana. Katika milinganyo ya rangi za mbali, ukubwa wa detaminanti ni takriban 3.6, katika hii ya rangi za karibu ni 0.16. Kauli mbili zinazokaribia kufanana hazina nguvu ya kauli mbili, hata kama kwenye karatasi zahesabiwa kuwa mbili.

Kisichojulikana cha tatu

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya kuhesabu vibaya idadi ya visivyojulikana. Katika nyanda za baridi, kama vile Njombe, Mbeya au Limuru, wako watu ambao huingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hujishikiza kwenye himoglobini kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kuzuia nafasi yake.

Himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo, ambayo yaweza kuitwa z, humeza mwanga mwekundu karibu sawa na himoglobini yenye oksijeni, na katika infraredi haimezi karibu chochote. Mgonjwa aliyebaki na x = 7, y = 0 na z = 3 ana asilimia 70 tu ya himoglobini inayofanya kazi. Mwanga mwekundu utatoa 0.3 × 7 na 0.3 × 3, yaani 3.0, infraredi itatoa 1.2 × 7, yaani 8.4. Oksimita ya rangi mbili haina habari za z. Itatatua milinganyo yake miwili kwa utiifu, itapata y = 0.3 na x = 6.8, na kuandika asilimia 96. Mgonjwa anakufa kwa kukosa oksijeni, na kifaa chasema kwamba yu mzima.

Hesabu ya kifaa haina kosa hata moja. Kilichokosekana ni mlinganyo wa tatu. Kwa sababu hiyo hospitali kubwa hupima damu ya mgonjwa wa namna hii kwa chombo kinachotumia rangi nyingi zaidi, na mganga mwangalifu huuliza kwanza mgonjwa alilala wapi na kulikuwa na nini chumbani. Mtu aliyekutwa amezimia katika chumba chenye jiko la mkaa atolewe nje mara moja, afikishwe hospitalini na apewe oksijeni, hata kama oksimita inaonyesha namba nzuri.

Jedwali na rangi ya ngozi

Lipo jambo jingine linalowahusu kwa karibu wasomaji wa Afrika. Namba 0.3 na 3.2 zilizotumika hapo juu ni za himoglobini iliyomo katika myeyuko safi. Ndani ya kidole mwanga hutawanyika huku na huku, na milinganyo huwa ya kukadiria tu. Kwa hiyo watengenezaji hawategemei nadharia peke yake. Huwachukua watu wenye afya waliojitolea, hupunguza oksijeni katika hewa wanayovuta, hupima damu yao maabara, na kulinganisha majibu hayo na mwanga uliosomwa na kifaa. Jedwali linalopatikana ndilo linalotiwa ndani ya oksimita.

Ikiwa wengi wa watu hao ni wenye ngozi nyeupe, jedwali litakuwa limewafuata wao. Kwa nadharia, rangi ya ngozi haibadiliki kwa mapigo ya moyo, na ilipasa kuondoka katika kutoa. Lakini vipimo vya wagonjwa vimeonyesha kwamba haiondoki yote. Uchunguzi uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 uliangalia vipimo ambavyo oksimita ilionyesha asilimia 92 hadi 96. Miongoni mwa vipimo hivyo, damu ya ateri ilikutwa chini ya asilimia 88 katika takriban 12 kwa kila 100 kwa wagonjwa weusi, na takriban 4 kwa kila 100 kwa wagonjwa weupe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulidai kwamba katika kila jaribio wawepo angalau watu 2 wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya washiriki, kwa kufuata idadi iliyo kubwa. Mwezi Januari 2025 mamlaka husika ya nchi hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka washiriki wengi zaidi wa rangi mbalimbali za ngozi.

Hii haina maana kwamba oksimita itupwe. Imeokoa, na ingali yaokoa, maisha ya watu wengi. Maana yake ni kwamba namba inayoonekana kwenye kioo ni jibu la milinganyo, na jibu la milinganyo haliwezi kuwa bora kuliko kauli zilizotiwa ndani yake. Mganga anayeona mgonjwa akihema kwa shida, midomo ikibadilika rangi, asidanganyike kwa asilimia 93 iliyoandikwa kwa taa nzuri.

Mafunzo ya kukumbukwa

Mtu atakayeyakumbuka mambo matatu kutokana na maelezo haya atakuwa amepata faida ya somo zima, hata kama amesahau hatua za kuzidisha na kutoa. Kwanza, visivyojulikana viwili huhitaji kauli mbili, na kauli moja iliyosemwa mara mbili si kauli mbili. Pili, kauli hizo zitofautiane vya kutosha, la sivyo kosa dogo la kipimo huzaa kosa kubwa la jibu. Tatu, kabla ya kuanza kutatua, sharti ihakikishwe kwamba hakuna kisichojulikana kingine kilichojificha, kwa sababu milinganyo haiwezi kulalamika. Hutoa jibu kwa yeyote aiulizaye, liwe la kweli au la uongo.

Mwandishi wa kibao cha Babeli alimaliza tatizo lake kwa kulihakiki: alizirudisha sar 1,200 na sar 600 katika kauli za mwanzo na kuona kwamba tofauti ya kodi ni sila 500 barabara. Desturi hiyo ya kurudisha jibu mahali lilikotoka na kulilinganisha na mambo yalivyo ndiyo sehemu ya hesabu ambayo wanafunzi huiruka kwa haraka zaidi, nayo ndiyo ambayo muuguzi aliye zamu ya usiku haruhusiwi kuiruka.